Lile Jani la Kijani Lilikuwa Mji

Kati ya vitabu vya msaada kwenye kituo chetu cha vijana kuna kimoja cha picha za majumba ya kale ya Uingereza, na vijana wanakipenda sana. Kupenda sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni na wale wanaotufundisha kwamba jumba ni kuta, paa na madirisha, basi.

Tuchukue Milton Abbey, kule Dorset. Joseph Damer, ambaye baadaye aliitwa Lord Milton, alilinunua eneo hilo mwaka 1752. Pembeni ya kanisa la zamani la watawa akataka jumba la kulingana nalo. Mchoraji alikuwa William Chambers, mtu mwenye jina kubwa wakati ule (waligombana, Chambers akaacha kazi). Mawe yamejengwa vizuri, sikatai. Lakini karibu na jumba palikuwa na mji. Mji kabisa, wenye soko, maduka, vilabu vya pombe na shule, jina lake Middleton. Bwana hakutaka kuuona. Mwaka baada ya mwaka nyumba zikaingia mikononi mwake, zikabomolewa. Capability Brown, fundi wa bustani, akapewa kazi ya kupendezesha mandhari. Kwa hiyo yale majani unayoyasifu pichani nayo yamejengwa, tena kwa gharama kuliko mawe. Waliolipa ni wengine.

Watu wakapelekwa bondeni, mahali pasipoonekana kutoka jumbani. Huko, karibu mwaka 1780, wakajengewa nyumba zinazofanana, safu mbili kando ya barabara moja, familia mbili chini ya paa moja. Jirani yangu wa bloku, hujaanza kupatambua? Shule nayo ikahamishiwa Blandford, mji mwingine kabisa. Leo watalii wanapiga picha zile nyumba, eti kijiji kizuri.

Kuna atakayesema: si walipewa nyumba mpya? Walipewa. Maneno hayo tunayajua, tunaambiwa kila turubai jipya linapofika. Nyumba mpya haikurudishii soko, wala jirani uliyemzoea.

Sisi hatukufukuzwa na tajiri anayetaka bustani, tulikimbia vita. Tofauti hiyo naiheshimu. Lakini upangaji unafanana: anayechora anatazama kutoka dirisha lake. Ramani ya bloku mpya iliyobandikwa hapa ina vyoo, bomba na barabara ya gari. Kina mama wanaouza ndagala chini ya mwembe hawamo. Mwembe wenyewe haumo! Tulipouliza, tukajibiwa kwamba eneo hilo liko wazi. Hata Middleton sasa pako wazi.

Ninyi wahudumu mnaosoma jarida hili, ramani ileteni kabla haijapigwa muhuri, na muilete asubuhi, saa za soko. Mama zetu hawana muda wa kufuata mkutano ofisini. Watawaonyesha kwa kidole nani anakaa wapi.