KUTI LA MCHIKICHI NI SHAHIDI WA MOSHI



Hapa Rumonge, tangu mjini mpaka Kigwena, kazi ya mawese ndiyo inayotulisha wengi wetu. Chikichi huchemshwa kwa kuni na makapi, na anayetia kuni motoni huvuta moshi asubuhi hadi jioni. Akilalamika kifua, huambiwa ni mafua. Moshi umekwisha kwenda na upepo wa ziwa. Ataonyesha nini?

Sisi tunasema: aonyeshe majani. Jani hupumua kwa vitundu visivyoonekana kwa macho, na juu ya ngozi yake mna nta. Gesi huingia kwa vitundu hivyo. Kemikali za moshi wa kuni, nyingine zenye kuleta kansa, hunasa katika nta. Wataalamu huyakausha majani, huyasaga na kuyapima katika maabara. Hivyo jani hueleza yaliyopita hewani kwa wiki na miezi. Kuti la chini ni kuukuu kuliko la juu, kwa hiyo limekula moshi zaidi.

Kule Lubumbashi miti ilitoa ushahidi hata bila maabara. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na moshi wake ulikuwa na gesi ya salfa na vumbi la madini. Upepo wa huko hutoka kusini-mashariki. Basi miti ilikufa upande wa kaskazini-magharibi, udongo ukabaki mtupu. Sisi tusingoje mpaka miti ife.

Lakini kuti moja si ushahidi. Yakatwe makuti ya umri mmoja, siku moja: mengine jirani na kiwanda, mengine kwenye michikichi iliyo karibu na msitu wa Kigwena, mbali na moto na barabara. Tofauti ndiyo itakayosema. Na wafanyakazi wawepo wakati wa kukata, maana mwenye kiwanda akichagua mti peke yake, atachagua ule usiofikiwa na moshi.

Wako watakaosema jani halipimi kifua cha mtu. Ni kweli. Jani huonyesha moshi unakokwenda. Kifua hupimwa na daktari. Basi tudai yote mawili. Na bomba la kutoa moshi nje ya kibanda lisingoje majibu ya maabara: anayekohoa leo anapumua leo.