Tunazirudia Nyimbo za Zamani, Basi Tuwataje na Wenyewe

Leo hatuna mshono mpya wa kuwaonyesha wala mapishi ya Ijumaa. Kuna jambo limetukaa rohoni wiki ya pili sasa, na tumeona bora tuliseme.

Kwa wageni, sisi ni mafundi wa nguo. Tulizaliwa Unguja, tukamaliza skuli, tukasomea ushonaji, kisha ndoa ikatuleta bara. Tuko Puge, wilaya ya Nzega mkoani Tabora, karibu katikati ya barabara ya Tabora kwenda Nzega. Dukani tuna vyerehani vitatu, pasi ya mkaa kwa siku umeme unapokatika, na redio ya kuchomeka flashi. Sare za shule, madera, mabaibui, magauni ya harusi, yote yanapita hapa. Redio haizimwi ila kwa adhana.

Kwa muda sasa flashi yetu imejaa nyimbo za utoto na ujana wetu, zile za hip-hop na bongo fleva ya mwanzo. Chini ya Miaka 18 ya Mr. II. Ndio Mzee ya Professor Jay, kutoka albamu yake ya 2001, Machozi, Jasho na Damu. Wagosi wa Kaya wa Tanga na wimbo wao kuhusu wauguzi. Zay B na Sister P, wasichana waliosimama mbele ya kipaza sauti wakati wavulana walidhani mahali pale ni pao. Lady Jaydee, aliyezaliwa Shinyanga, majirani zetu wa huku, na albamu yake ya Machozi. Tunazipenda kwa sababu zilikuwa na neno. Mtu aliimba juu ya mwanasiasa anayeahidi uongo, au mtoto wa kike anayeharibiwa maisha mapema, nasi tukaelewa ingawa tulikuwa madarasa ya chini. Mabinti wanaojifunza kushona kwetu hutucheka. Wanasema mdundo wake mwepesi, lakini baada ya wiki tunawasikia wanaimba kiitikio.

Basi siku moja binti mmoja akaleta wimbo mpya aliourushiwa na kijana wa bodaboda. Mdundo mzuri, kijana anachana, na nyuma yake sauti ya mwanamke mtu mzima inaimba maneno machache ya Kinyamwezi, yanakatwa, yanarudi, yanakatwa, yanarudi. Wakati ule mteja wetu mmoja, mama wa kijiji cha jirani, alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri gauni lake lipunguzwe kiunoni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo ni mimi."

Binti akacheka. Yule mama hakubishana naye. Alianza kuimba na redio, na redio ilipokata na kurudi mwanzo, yeye aliendelea mbele. Aliimba sehemu ambayo haimo kwenye wimbo, mpaka mwisho wake. Vyerehani vyote vitatu vikasimama.

Alikumbuka harusi moja ambapo kijana alikuja na simu akarekodi ngoma. Hakuna aliyemuuliza kitu wala kumwambia lolote. Alipopewa gauni lake alilikunja, akatuuliza kama anayeulizia chenji: "Sauti wameichukua. Jina langu wameliacha wapi?"

Hatukuwa na jibu. Ndipo tukaanza kuzisikiliza upya zile nyimbo tunazozipenda, na kujiuliza zilitengenezwa na nini.

Wanaojua muziki huiita kuchukua vionjo. Prodyuza anakata kipande cha wimbo wa zamani, pengine ngoma tupu ya sekunde chache, anakizungusha na kukirudia, kisha mtu anachana juu yake. Hip-hop yenyewe ilizaliwa hivyo. Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, binti mmoja aitwaye Cindy Campbell aliandaa sherehe kwenye jengo walilokuwa wakikaa ili apate fedha za kununua nguo za kurudia shule. Wasichana walilipa senti 25, wavulana senti 50. Kaka yake, DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki. Aliona watu wanachangamka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake, akaanza kutumia sahani mbili za wimbo mmoja ili kipande kile kirefuke. Ulimwengu mzima unamtaja Herc, na anastahili. Lakini sisi mafundi tunafurahi kuwakumbusha kwamba mwanzo wa yote ni binti aliyetaka nguo za shule.

Hata rekodi iliyoifikisha rap redioni dunia nzima, Rapper's Delight ya 1979, ilisimamiwa na mwanamke, Sylvia Robinson. Mdundo wake ulitoka kwenye Good Times ya kundi la Chic. Mwanzoni wenye wimbo hawakutajwa. Walipolalamika ndipo majina yao yakaandikwa.

Huku kwetu mnyororo ni huo huo. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliweka maneno ya Kiswahili juu ya Ice Ice Baby ya Vanilla Ice, na wengi huhesabu hapo kuwa mwanzo wa rap ya Kiswahili. Vanilla Ice naye alikuwa amechukua kionjo kwenye Under Pressure ya Queen na David Bowie, ya 1981. Kwa hiyo Mtanzania aliazima kwa Mmarekani ambaye aliazima kwa Waingereza. Wala si aibu. Nasi tunapokata gauni tunaanza na umbo ambalo fundi mwingine alilikata kabla yetu.

Tena kuazima ni jambo la kale sana katika njia hii tunayokaa. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Unyanyembe kwenda pwani na pembe za ndovu mabegani, safari ya miezi, wakarudi na shanga na nguo. Nguo maarufu ya pamba iliyotoka Marekani na kupitia Unguja kwetu waliiita merikani. Tuliposikia hadithi hii kwa wazee wa huku tulitabasamu, kwa sababu bibi zetu kisiwani nao walisema merikani. Nguo ilivuka bahari, ikavuka pori, ikafika kwa mtu ambaye hajawahi kuiona meli, na bado ilibaki na jina la kwao. Kama watu waliotembea kwa miguu kutoka Bagamoyo waliweza kufika na jina la kitambaa, sisi wenye simu tunashindwaje kufika na jina la mtu?

Na jina likipotea, riziki hupotea nalo. Mwaka 1969 kundi la Marekani liitwalo The Winstons lilirekodi Amen, Brother. Ndani yake mpiga ngoma Gregory Coleman anapiga peke yake kwa sekunde zisizozidi 7 hivi. Sekunde hizo zimetumika katika maelfu ya nyimbo. Coleman alifariki mwaka 2006, na kiongozi wa kundi lake, Richard Spencer, alisema hawakulipwa chochote kwa matumizi yale. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walimchangia Spencer zaidi ya pauni 20,000. Ulikuwa mchango wa hisani kwa mtu aliyekuwa na haki ya kudai. Mwaka 1991 kesi ya namna hii ilifika mahakamani New York, rapa Biz Markie alipotumia wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Jaji alianza hukumu yake kwa amri ya Taurati inayokataza wizi. Watu wa muziki walimlaumu kwa ukali wake, lakini tangu hapo makampuni yalijifunza kuomba ruhusa kwanza.

Sasa tutazame wanawake wa kwetu. Saida Karoli alitoka Kagera akiimba kwa Kihaya, na mwaka 2001 Maria Salome ilichezwa hadi kwa wasiojua neno moja la lugha ile. Miaka ikapita, akatoweka masikioni. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakatoa Salome, iliyojengwa juu ya wimbo ule, na watu wakauliza mwenyewe yuko wapi. Mwaka uliofuata alirudi na wimbo wake mpya, Orugambo. Huo ndio uzuri wa kionjo kinachojulikana kimetoka wapi, maana kinamrudisha mtu kwao mwenyewe. Na kwetu Unguja, Offside Trick walipotaka sauti ya Bi Kidude kwenye Ahmada, hawakumkata kwenye kaseti. Walimwita mwenyewe, akaimba, na jina lake likakaa juu ya wimbo. Ajuza yule, Mungu amrehemu, aliyefariki Aprili 2013, vijana wengi walimjua kwa wimbo huo kabla ya kujua kwamba alirithi nyimbo za Siti binti Saad.

Lakini Saida na Bi Kidude walikuwa na majina tayari. Mama wetu wa Puge hana albamu. Ana sauti tu, na nyimbo alizofundishwa na mama yake. Mtu wa namna hiyo ndiye anayechukuliwa kirahisi, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke, kwa sababu sisi ndio tunaoimba harusini, shambani na kwenye kubembeleza watoto. Watu wakisikia sauti ya mwanaume kwenye wimbo huuliza ni nani. Ya mama mtu mzima huitwa "vionjo vya asili", kana kwamba imeota yenyewe porini kama uyoga.

Na hapa lazima tujiseme wenyewe. Wakati tunamkasirikia kijana wa studio, mmoja wetu alikumbusha kuhusu gauni letu lililosifiwa sana mwaka jana, lile la mikono yenye marinda. Mshono ule si wetu. Tuliuona kwa fundi mwenzetu wa Nzega, tukauhesabu marinda kwa macho, tukarudi tukaushona, tukapiga picha, tukapokea hongera na oda. Hatukumtaja hata siku moja. Tulijiambia mishono haina mwenyewe. Basi tulikuwa na tofauti gani na yule kijana? Tulimpigia simu, tukamwomba radhi, na sasa kila anayeagiza gauni lile tunamwambia limetoka kwa nani. Wateja wawili wamekwenda kwake moja kwa moja. Ni wake, waende.

Tunajua wapo dada watakaosema, muziki wenyewe una maneno, nyinyi mnatafuta haki ndani yake? Hatutoi fatwa, hilo tunawaachia masheikh. Lakini haki ya mtu haisubiri sisi tukubaliane kuhusu ngoma. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba deni kati ya mja na Mola wake lina mlango wa toba, lakini deni la mja kwa mja linarudi kwa mwenyewe kwanza. Sauti ni mali ya mtu kama pete yake. Aliyeiokota aulize ni ya nani.

Wapo pia watakaosema vijana hawana fedha, wakitakiwa kulipa kila kionjo muziki utakufa. Hilo tunalielewa, nasi tulianza na cherehani kimoja cha kukodi. Lakini kumwuliza mtu ni bure, na kumtaja ni bure. Fedha ndiyo ije baadaye, ikija igawanywe. Sheria ipo vilevile. Bara kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na COSOTA, Zanzibar kuna COSOZA, na hilo neno hakishiriki linamhusu hata aliyeimba tu bila kutunga. Dada mwenye kipaji cha kuimba, au mwenye mama au bibi anayeimba, ajue ofisi hizo zipo. Arekodi nyimbo zake mwenyewe kwa simu yake, ataje jina lake na siku mwanzoni, aweke. Akija mtu na kipaza sauti, amuulize inakwenda wapi.

Na sisi wasikilizaji tuna sehemu yetu. Tunapozirudia nyimbo zile za 2001, tusiishie kwenye kumbukumbu tamu za kaseti na kalamu ya kuzungushia mkanda. Tuulize nani aliimba kiitikio, nani alipiga gitaa, kipande kile kimetoka wapi. Tuwaambie watoto.

Yule kijana alipatikana. Si mtu mbaya. Alikuja dukani kwetu na pikipiki, akavua kofia, akamsalimia mama kwa heshima zote. Akajitetea kwamba wimbo haujaingiza hata shilingi. Mama akamwambia, "Na jina langu nalo ulisubiri liingize?" Kijana akainama. Wiki iliyopita ameutoa upya, na sasa mwanzoni mama anajitaja kwa sauti yake mwenyewe, jina lake na la mama yake aliyemfundisha. Kuhusu fedha wameandikiana kwenye daftari letu la oda, nasi ni mashahidi. Zikipatikana tutaona.

Kwa sasa wimbo unapigwa dukani. Ukifika pale mwanzo, mabinti wanapunguza mwendo wa cherehani wasikie.