Programu ni Bure, Kodi ya Nyumba Si Bure

Wasee, leo tuongee kuhusu neno moja linalotutia umaskini: bure.

Wazungu wana udhuru wao. Kwa Kiingereza neno ni moja tu, lamaanisha kitu kisicholipiwa na pia kitu kilicho huru, kwa hivyo wanaprogramu wa huko hawaishi kuelezana tofauti. Sisi Waswahili tuna bure na tuna huru, maneno mawili yasiyofanana hata herufi ya kwanza, na bado tumeyakoroga.

Programu huria ni ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua aone imeandikwa vipi, aitumie, aibadilishe, aigawe. Basi. Hakuna leseni hata moja iliyoandika kwamba aliyeitengeneza asile.

Na usidhani hii ni habari ya watu wachache wenye miwani minene. Simu yako ya Android ndani yake kuna Linux, kitu alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, ndiyo maana leo unaangalia video zangu bila kusubiri zizunguke dakika tatu. Kompyuta nyingi zilizoko mwisho wa nyaya hizo zaendeshwa na programu huria. Watumia kazi ya watu hawa kutoka unapoamka mpaka unapolala, na wengi wao hawajalipwa hata shilingi.

Sasa mimi. Naishi Kisauni. Chuo niliacha mwaka wa tatu. Mchana natengeneza video, na usiku natunza kijiprogramu kimoja nilichokigawa mtandaoni. Safaricom walipofungua Daraja, ule mlango wa wanaprogramu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa, vijana wengi Kenya waliandika vifaa vya kurahisisha hiyo kazi, na changu ni kimojawapo. Mwenye duka la mtandaoni akilipwa, kinapokea taarifa ya malipo, kinailinganisha na oda, kinamwambia mzigo utoke. Hakina jina kubwa. Lakini kuna watu wanakitumia kila siku kuingiza pesa.

Usiku naandika kodi, mwisho wa mwezi naulizwa kodi. Kodi ya kwanza haijawahi kulipa ya pili.

Watu hudhani programu ikishaandikwa imekwisha, kama vile kupiga picha. Hapana. Programu ni kama tuktuk: kila siku iko barabarani, kila siku kuna kitu kinalegea. Leo mtandao umekatika katikati ya malipo, taarifa imekuja mara mbili, mteja anaonekana amelipa oda mbili. Kesho kipande cha programu ya mtu mwingine ninachokitegemea kimebadilishwa, changu kinagoma. Keshokutwa mtu nisiyemjua ananiandikia kwa hasira kwamba "haifanyi kazi", bila kusema ni nini hakifanyi kazi. Yote hayo yataka mtu akae chini, asome, ajaribu, arudie. Mimi hutumia kama saa 10 kwa wiki. Piga hesabu: ni saa 520 kwa mwaka, na bando ni langu, tokeni za stima ni zangu.

Mwaka jana kampuni moja, jina nitalimeza, fundi wao aliniandikia Ijumaa saa tano usiku. Rekebisha haraka, wateja wetu wanalalamika. Wateja WAO. Nikamjibu kwa adabu kabisa: kaka, naweza kuifanya wikendi hii, lakini hiyo ni kazi, mtanilipa ngapi? Akajibu, "Si umesema ni bure?" Kisha kimya mpaka leo. Fadhila za punda ni hizo.

Najua kuna mtu ashaanza kusema: kwani nani alikulazimisha? Si uliamua mwenyewe kugawa?

Swali zuri, tulijibu vizuri. Nilichokigawa nimekigawa, sikirudishi na sikidai. Chukua, tumia, tajirika, hata salamu usiniletee. Lakini zawadi niliyotoa jana haikupi haki ya usingizi wangu wa kesho. Nikikupa embe, sijakuajiria mtunza bustani.

Na hii si shida ya vijana wa Kisauni pekee. Kuna programu inaitwa OpenSSL, inayosaidia kulinda mawasiliano yako na tovuti unapoona kile kikufuli. Mwaka 2014 ikapatikana na shimo lililopewa jina Heartbleed, na dunia ikapata kujua kwamba kitu kinacholinda sehemu kubwa ya mtandao kilikuwa kikipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu wa kukifanyia kazi muda wote. Miaka 10 baadaye, 2024, ikawa zamu ya xz, programu ya kubana mafaili. Lasse Collin wa Finland alikuwa ameitunza kwa miaka bila kulipwa, na alishasema wazi kwamba amelemewa. Akatokea mtu anajiita Jia Tan, mwema, mchapakazi, akajitolea kusaidia mpaka akaaminiwa na funguo. Kumbe alikuwa anatengeneza mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Aliyemnasa, Andres Freund, aligundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kulichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, jamani! Kumchosha mtunzaji ni ukatili kwake, na kwako wewe ni hatari.

Hapa kwetu tuna mifano pia, na sio midogo. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman, David Kobia na wenzao walitengeneza Ushahidi kwa siku chache tu. Watu wakatuma ripoti za vurugu, zikaonekana kwenye ramani. Programu wakaiacha huria, na mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Mkenya kuokoa watu Haiti kwa programu, hilo lafaa lifundishwe shuleni. Lakini uliza ilisimama kwa nini. Ilikuwa shirika lisilo la faida, likapata wafadhili wakubwa kama Omidyar Network, na baadaye likauza huduma kwa mashirika yanayotaka kuhifadhiwa mfumo bila kuhangaika wenyewe.

Mfano wa pili ni OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa. Ilianza 2004, na Eldoret imo ndani tangu mwanzo, manake Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kikishirikiana na watu wa Indiana kule Marekani. KenyaEMR, inayotumika kwenye vituo vingi vya afya hapa nchini, imejengwa juu yake. Nzuri sana. Lakini pesa nyingi ya kazi hiyo ilitoka Marekani, na Januari 2025 misaada ilipositishwa, kazi nyingi za afya Kenya zilitikisika. Mfadhili ni mgeni. Siku akichukua kiatu chake mlangoni, huwezi kumfungia.

Basi tufanyeje? Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, manake jibu tunalipita kila siku tukienda kupanda matatu.

Msikiti wa mtaa una kisima ama bomba la sabili. Unakunywa, huulizwi dini, huulizwi kabila, hulipi. Sasa pampu ikiungua ananunua nani? Mara nyingi, kama msikiti umepangwa vizuri, kuna duka ama nyumba ya wakfu. Mtu aliitoa zamani, pengine ashakufa, na kodi ya nyumba ile ndiyo inarekebisha pampu. Mambo haya yana sheria na yana Tume ya Wakf yenye ofisi zake hapa Mombasa. Wazee wa pwani walishajua kitambo kwamba maji yanaweza kuwa ya bure kwa kila mtu, lakini pampu lazima iwe na mlipaji.

Wazungu nao walifika huko huko. Apache Software Foundation iliundwa 1999, na hata Kiswahili cha siku hizi taasisi za aina hiyo zaitwa wakfu. Ujerumani mwaka 2022 serikali ilianzisha Sovereign Tech Fund, pesa ya umma ya kutunza programu huria ambazo kila mtu anazitegemea. Kwa sababu barabara ni ya wote, na lami yake hailetwi na mpita njia mwenye huruma.

Mimi sina nyumba ya wakfu, na serikali yetu siingojei. Kwa hivyo nimejiwekea utaratibu, na mwanaprogramu mwenzangu wa Likoni ama Changamwe, uchukue ukikufaa.

Moja, programu itabaki huria. Hilo halina mjadala. Nami nimejifunza kwa kusoma programu za watu nisiowajua, bila karo, na kuziba njia hiyo baada ya kupita ni roho mbaya.

Mbili, kazi inalipiwa. Kukufungia mfumo, kukufundisha, kukurekebishia kwa haraka, kukuongezea kitu unachokitaka wewe peke yako: kuna bei, nimeiandika wazi. Mwenye duka ndogo bei yake, kampuni bei yake. Mwezi uliopita wateja watatu walinilipa, na kwa mara ya kwanza kijiprogramu kilichangia nusu ya kodi ya nyumba. Nusu ni nusu.

Tatu, saa zina mpaka. Wanaouliza bure nawajibu Jumamosi. Usiku wa Ijumaa ni wangu, nile viazi karai na mabeshte kwa amani.

Nne, funguo sitampa mtu kwa sababu nimechoka. Afadhali niandike mbele ya watu wote kwamba nimesimama, kuliko kumkabidhi Jia Tan wa Kisauni.

Wewe unayetumia je? Kama programu ya mtu inakuingizia pesa, mtengee kitu kila mwezi. Hata mia tano. Watumiaji 20 wakitoa mia tano, hiyo ni 10,000, na huyo mtu ameacha kufikiria kazi ya kibarua. Kama huna pesa, toa kazi: tafsiri maelezo kwa Kiswahili kinachosomeka, jaribu toleo jipya kabla halijatoka, ukiripoti tatizo eleza ulifanya nini na ukaona nini. Na kama huna pesa wala muda, basi adabu. Yule unayemwandikia kwa herufi kubwa saa sita usiku hajaajiriwa na wewe, na hajaajiriwa na mtu yeyote.

Na nyinyi mnaotuambia tufanye bure "upate kujulikana": mwenye nyumba wangu ananijua vizuri sana. Tarehe tano atabisha mlango akiniita kwa jina, na hatakuwa amekuja kuniomba picha.