Tusitibu Sukari Tukausahau Moyo

Mwananchi wa Unguja au Pemba aambiwapo ana maradhi ya sukari, huanza kuhesabu vijiko anavyotia katika chai. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa, mafuta yakaganda ndani yake, na njia ya damu iendayo moyoni ikawa nyembamba. Maradhi ya moyo na mishipa ndiyo yanayoongoza kuwaua wenye kisukari.

Hatari ni kwamba adui huyu huweza kuja kimya. Sukari huumiza pia mishipa ya fahamu, na mgonjwa huenda asisikie maumivu ya kifua. Akitweta apandapo ngazi, huambiwa ni uzee.

Tiba ipo. Dawa za kupunguza lehemu na za kushusha shinikizo la damu, pamoja na kuacha tumbaku, huokoa maisha. Na pale ilipoziba mishipa kadhaa, upasuaji wa kuunganisha mishipa mipya una faida kubwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2012, uliohusu wagonjwa wa kisukari 1,900, ulionyesha kwamba katika miaka 5 walifariki kiasi cha 11 katika kila 100 waliopasuliwa, na 16 katika kila 100 waliozibuliwa mishipa kwa kuwekewa vijibomba vya wavu. Ni kweli kwamba waliopasuliwa walipata kiharusi zaidi. Kwa hivyo shauri ni la mgonjwa na madaktari wake, wala lisiamuliwe kwa wepesi wa kazi.

Upasuaji huo hufanywa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kwa mtu wa Micheweni, safari hiyo ni ndefu na ina gharama.

Tunawaomba wakuu wa afya wahakikishe kwamba kila kliniki ya kisukari inapima shinikizo la damu, lehemu na mwendo wa moyo siku hiyo hiyo moja; kwamba dawa hazikatiki vituoni; na kwamba barua ya rufaa haisubiri mgonjwa aanguke. Nao wananchi wasiache dawa kwa sababu tu wanajisikia wazima.

Nauli ya kumvusha mgonjwa angali na nguvu ni nafuu kuliko gharama ya kurudisha maiti.