Kompyuta Nazo Zina Haja ya Amri za Kudumu

Kila askari aliyepita chuo cha mafunzo anaelewa kwamba amri ya mdomo hupotea njiani, bali amri ya maandishi hubaki. Ndiyo sababu kambi na vituo vya polisi huwa na amri za kudumu, ili kamanda akihamishwa leo, anayeshika nafasi yake kesho asifanye kazi kwa kubahatisha. Ajabu ni kwamba kanuni hiyo tunayoiheshimu lindoni twaisahau mara tu tuketipo mbele ya kompyuta.

Katika ofisi nyingi kazi ya kusimika mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiwezesha mashine kutumika, ingali mikononi mwa fundi mmoja. Huketi mbele ya kila mashine akajibu maswali yale yale: lugha gani, saa za nchi ipi, diski igawanywe vipi, mtumiaji nani. Mashine ikiwa moja, haidhuru. Zikiwa arobaini, siku hupita, na ya arobaini haitafanana na ya kwanza, kwani fundi ni binadamu, naye huchoka.

Dawa ipo. Majibu yote huandikwa mara moja katika faili la majibu. Red Hat huliita Kickstart. Debian na Windows nazo zina mafaili ya namna hiyo. Mashine huwashwa, ikalisoma faili kutoka katika mtandao wa ofisi au katika flashi, ikajisimikia mfumo bila mtu kuikalia. Kisha skripti, yaani amri zilizopangwa kutekelezwa moja baada ya nyingine, huongeza programu za kazi na kuzima huduma zisizotakiwa.

Wakazi wa Kasese hawana haja ya kuelezwa maana ya hasara ya ghafla. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 hata ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Maji hayachagui kati ya kitanda na kompyuta. Lakini faili la majibu ni maandishi machache tu. Nakala zake zaweza kuwekwa Bwera, Fort Portal na Kampala kwa wakati mmoja. Mashine mpya zikifika, kazi ya kuzisimika haitamngoja fundi aliye likizo au aliyehamishiwa Karamoja. Ieleweke, hata hivyo, kwamba faili hilo hurudisha mfumo tu. Majalada ya kesi na orodha za watu lazima yawe na nakala zake mbali.

Jambo hili lina haraka. Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi zenye mashine hizo hazina budi kubadili. Je, zibadilishwe moja moja kwa mkono?

Hata hivyo, tunatoa tahadhari. Mashine hutii bila kuuliza: faili likisema diski ifutwe, itafutwa, hata kama imebeba ushahidi wa mahakamani. Basi faili lijaribiwe kwanza kwenye mashine tupu, na afisa wa pili alikague kabla halijatumika. Tena, maneno ya siri yasiandikwe humo waziwazi. Flashi moja ikidondoka katika soko la Mpondwe, hapo mpakani, itakuwa sawa na kuangusha funguo za ghala la silaha.

Wako watakaosema kwamba fundi atanyang'anywa kazi. Sivyo. Aliyekuwa mtekelezaji anakuwa mwandishi wa amri, nayo ni daraja ya juu zaidi.

Kwa hiyo tunawahimiza makamanda na wakuu wa vituo: kabla ya kuomba kompyuta mpya, ulizeni kwanza amri zake zimeandikwa wapi, na ni nani mwingine awezaye kuzisoma. Kikosi kinachotegemea kichwa cha mtu mmoja kimekwisha kujiweka hatarini.