Dereva akisinzia, usimwonee haya!

Najua wapo washikaji ambao sasa hivi wanachangishana hela ya mafuta waende harusini Mbeya na mkoko wa kuazima. Poa tu, vijana lazima wajirushe. Lakini kabla hamjawasha gari, nipeni dakika chache niwasimulie yaliyomkuta mwenzenu.

Ilikuwa Ijumaa. Binamu yangu alikuwa anaoa Mbeya kesho yake mchana. Mimi, mshikaji wangu mmoja na mdogo wangu wa kike tukatoka Dar saa 2 usiku, baada ya kazi. Tulijidai wajanja, eti usiku hakuna jua wala foleni. Gari lilikuwa safi: matairi mapya, oili imebadilishwa juzi yake, muziki wa nguvu. Ungetuona ungesema hawa wamejipanga.

Kumbe tulipanga gari, dereva tukamsahau. Siku hiyo nilikuwa macho tangu saa 11 alfajiri, na kazini nilishinda nimesimama. Tulipofika Morogoro dogo akaniambia, "Kaka, kwa nini tusilale hapa, tuondoke alfajiri?" Nikamjia juu: "Wewe kazi yako kukaa. Ya kuendesha niachie mwenyewe." Akanywea.

Saa 10 alfajiri, Iringa tumeshaiacha nyuma, nikasikia ukelele: "Kaka!" Kufumbua macho, taa za lori hizo, mbele yangu kabisa! Nikakata usukani kushoto, tukaingia kwenye majani, gari likazima. Lori likapita na honi yake ndefu. Mshikaji aliyekuwa kiti cha mbele ndiyo kwanza anaamka, anauliza tumefika wapi.

Tulipona wote, hata mkwaruzo hatukupata. Lakini maneno ya dogo ndiyo yaliyoniumiza. Alisema huku analia: "Nilikuona unasinzia tangu kule nyuma. Niliogopa utanifokea tena."

Jamani! Mtoto wa watu aliona heri akae kimya na kifo kinakuja kuliko kufokewa na kaka yake. Na mimi niliona heri nife na usukani mkononi kuliko kusema nimechoka. Ujanja gani huo?

Basi siku hizi mipango yangu ya safari inaanzia kwa dereva. Dar mpaka Mbeya ni kama kilomita 830. Ukiwa dereva peke yako, igawe siku mbili. Lala mapema, ondoka saa 11 alfajiri, saa 3 hivi unakunywa chai Morogoro. Ukienda mwendo wa kistaarabu, alasiri umeingia Iringa, unaoga, unalala. Kesho yake asubuhi unamalizia kilomita kama 330 zilizobaki, akili ikiwa imetulia. Na usinijibu kwamba mbona mabasi yameruhusiwa tena kukimbia usiku tangu 2023. Mabasi yanayozidi saa 8 njiani yanatakiwa yawe na madereva wawili. Gari lako lina wangapi?

Kila baada ya saa 2, simama. Shuka, nyoosha miguu, kunywa maji. Ukiona unapiga miayo mfululizo, au kilomita chache zilizopita hukumbuki umezipitaje, ujue usingizi umeshaingia garini. Kufungua dirisha na kuongeza muziki ni kujidanganya. Egesha mahali salama, kama kituo cha mafuta, unywe kahawa kisha ulale dakika 15 au 20. Kahawa inachukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo unaamka nayo inaanza kukolea.

Halafu ukisafiri mchana unafaidi! Mikumi barabara inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Mwendo mwisho 70 mchana, 50 usiku, na ukimgonga mnyama faini yake utaijutia. Nenda taratibu uwaone tembo na twiga bila kiingilio. Mbele yake kuna bonde la mibuyu, kisha Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu. Ule usiku vyote hivyo nilivipita sikuona kitu.

Pale mlima Kitonga, wakati wa kupanda usiwe na papara. Malori yanatambaa, kona zimejificha, na wengi huponzwa na tamaa ya kuovateki. Angalia mshale wa joto la injini. Wakati wa kurudi, shuka na gia nzito tangu juu, usining'inie kwenye breki mpaka zikapata moto. Na beba sweta, maana baridi ya Mafinga na Makambako haina adabu.

Gari nalo likaguliwe siku mbili kabla, siyo asubuhi ya safari. Cheki breki, taa, maji ya rejeta, upepo wa matairi pamoja na lile la akiba, jeki, spana, pembetatu za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto. Mikanda wafunge wote, hata wa nyuma.

Lakini la kwanza kabisa, kabla hamjatoka getini, wekeaneni sheria moja: yeyote akisema "simama", dereva anasimama. Haulizi kwa nini, hanuni, hafoki. Na wa kiti cha mbele halali. Yeye ndiye jicho la pili.

Safari yetu ya mwisho dogo alikaa mbele na sheria yake mkononi. Tulipofika Ruaha Mbuyuni akasema, "Kaka, simama." Moyo ukaniruka. Nikaegesha pembeni bila kuuliza, nikamgeukia nisikie kuna nini.

Kumbe alitaka vitunguu tu.

Tukanunua gunia zima. Tukutane wiki ijayo, mkiwa wazima!