Washairi, Mnaililia Soweto Nusu

Kila ifikapo Juni 16, malenga wetu hushika kalamu kuililia Soweto. Nimezisoma tungo hizo kwa miaka mingi. Vina vimetimia, mizani haina pengo, risasi zinalia na damu inamwagika tangu ubeti wa kwanza hadi kaditama. Lakini nyingi hazisemi watoto wale waliandamana kwa sababu gani. Usahaulifu huo unatufaa sisi wenyewe, nami leo sitaufumbia macho.

Waliandamana kwa sababu ya lugha ya kufundishia. Mwaka 1974 serikali ya ubaguzi iliagiza kwamba katika shule za Waafrika hisabati na maarifa ya jamii yafundishwe kwa Kiafrikaans, lugha ya makaburu, ambayo wanafunzi wengi hawakuimudu, na walimu wao wengi vilevile. Asubuhi ya Juni 16, 1976, maelfu ya wanafunzi waliingia barabarani. Polisi wakawafyatulia risasi. Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, akawa miongoni mwa waliouawa. Machafuko yakaenea nchini, na hadi mwaka unakwisha waliokufa walihesabiwa kwa mamia.

Mwaka ule nilikuwa darasa la saba hapa Nanganga, barabara ya Ruangwa inapoachana na ile ya Masasi. Msumbiji ilikuwa imejitawala mwaka mmoja tu uliotangulia, na wapiganaji wa FRELIMO walikuwa wamefunzwa Nachingwea, jirani zetu. Kwetu ukombozi haukuwa habari ya redioni tu. Mwalimu alitusimulia Soweto kwa Kiswahili. Tulielewa, tukakasirika, tukauliza maswali mpaka kengele ikalia.

Miaka kumi na kitu baadaye nami nilikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja. Siku ya mada ya Afrika Kusini niliifundisha Soweto kwa Kiingereza, kama nilivyotakiwa. Darasa lilinyamaza, wanafunzi wakinakili ubaoni wasichokielewa. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono, akauliza kwa Kiswahili: “Samahani, Mwalimu, kwani hao watoto walikataa nini hasa?” Sikumjibu. Nilimvika shingoni kibao cha waliosema Kiswahili, akashinda nacho hadi jioni.

Sisemi kwamba Tanzania ni Afrika Kusini ya makaburu. Wale waliamriwa kwa mtutu wa bunduki. Sisi hakuna aliyetushikia bunduki. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zihamie kwenye Kiswahili. Pendekezo likawekwa kando. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikaandika kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Hata leo, mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili akiingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali hukabidhiwa kitabu cha fizikia cha Kiingereza. Akishindwa, tunasema hana akili.

Wapo watakaonijibu kwamba watoto wa Soweto hawakudai Kizulu wala Kisotho, na kwamba wengi walikuwa radhi kusoma kwa Kiingereza. Ni kweli, wala sifichi. Lakini wao walikuwa wakichagua kati ya lugha mbili za kigeni, wakakataa ile iliyowafungia mlango wa maarifa. Sisi tunayo lugha ambayo Mmakonde, Mmwera, Mmakua na Myao wanaielewa wote, nasi tunaivua mlangoni mwa sekondari kama viatu vyenye tope. Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri, na walimu waliofuzu. Kisiwe kizuizi kati ya mtoto na hisabati.

Basi, malenga wenzangu, Juni ijayo msinitumie tena beti za damu peke yake. Kuilaani risasi ya kaburu aliyekwisha kushindwa si ujasiri. Tungeni juu ya kibao. Tungeni juu ya darasa lililo kimya la kidato cha kwanza, hapa kwetu, mwaka huu. Anayejisifu kuwa mlinzi wa Kiswahili kwa vina na mizani, kisha akanyamaza lugha hiyo inapofukuzwa darasani, analinda chombo kitupu.

Yule msichana sasa ni mtu mzima, huenda ana wajukuu. Alistahili jibu siku ile. Mwanangu, walikataa kile nilichokutendea.